Wimbo Nilioukimbia Miaka Saba

Somo la wiki. Soma kwanza: 2 Wafalme 4:8–37; Kumbukumbu la Torati 31:19–22; Matendo ya Mitume 16:22–26.

Mchungaji ameniomba niandike yale niliyofundisha Jumatano kwa akina mama, kwa sababu wengine hamkuja kwa ajili ya mvua, na mliokuja mliona mwenyewe nililia katikati nikaruka sehemu nzima. Nitajaribu kuyapanga. Yasipopangika mnisamehe, mimi si mwandishi. Mimi ni muuza samaki wa kukaanga, nanyi mnanijua.

Walio wa zamani katika kanisa hili mnajua jambo ambalo hamkuwahi kuniuliza, na ninawashukuru kwa kutoniuliza. Kwa miaka saba, kila kinanda kilipoanza ule utenzi wa “Ni Salama Rohoni Mwangu”, mimi nilikumbuka kazi ya nje. Ghafla sahani hazijahesabiwa. Ghafla kuna mtoto analia chini ya mwarobaini ambaye hakuna mwingine aliyemsikia. Nilirudi ndani wimbo ukiisha. Tenzi zingine zote niliimba, pambio nilirukaruka kama wenzangu, ila huo niliukimbia kama mtu anavyomkimbia anayemdai.

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wetu. Kile kinanda cha kwanza kabisa, mnakikumbuka, chenye vidude viwili vilivyokufa upande wa kulia. Alijifundisha mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Na utenzi huo ndio aliuanza nao, maana bibi yake, mamangu mzazi, aliuimba akikuna nazi. Alikuwa na kosa moja ambalo hakuliacha. Alipofika mwisho wa ubeti, kabla ya kiitikio, alishikilia vidole pale, akachelewa. Kwaya inaingia, kinanda bado kiko nyuma, wote wanajikwaa. Kiongozi wa kwaya alimgombeza mpaka akachoka. Nami nikamwambia, “Mwanangu, kwa nini huwangoji wenzako?” Akacheka. Akasema, “Mama, mimi ndiye ninayewangoja. Pale wimbo unavuta pumzi.”

Mwezi wa sita mwaka 2016 alitoka na mashua ya mjomba wake kutoka Mayungu. Si kwamba uvuvi ulikuwa kazi yake, alikuwa anatafuta karo. Mnajua kusi ya mwezi wa sita ilivyo. Mashua ilipinduka karibu na mwamba. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana.

Sasa hapa ndipo niliporuka siku ya Jumatano, na nitaandika, kwa sababu kuandika hakuna macho ya watu. Siku mbili nilikaa ufuoni. Watu walikuja kuomba nami, Mungu awabariki. Lakini walikuwapo waliokuja na maneno. Waliniambia nisitamke habari ya kifo. Niseme “salama”. Nikisema salama kwa imani, bahari itamrudisha mzima, na nikisema lolote jingine nitakuwa nimemfungulia shetani mlango. Basi nikasema. Nilisema salama, salama, salama, nikitembea kwenye mchanga, mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu wavuvi wakamleta amefunikwa kwa tanga.

Tulimzika kwetu bara, upande wa Ganze. Na kaburini kwaya yetu, kwa upendo kabisa, wakaanza wimbo wake. Walipofika kwenye lile neno nikapiga kelele. Niliwaambia wanyamaze. Nikauliza mbele ya wakwe na wazee ni nani aliyewaambia kuwa ni salama. Kwaya ikanyamaza. Mwanangu akafukiwa kimya kimya, udongo tu ndio uliosikika. Hilo limenisumbua kuliko hata kelele zenyewe, kwamba mpiga kinanda alizikwa bila wimbo kwa sababu yangu.

Nimewaeleza haya ili mjue somo hili ninalifundisha nikiwa wapi. Tuingie kwenye Neno.

Yule mama wa Shunemu hatajwi jina. Tunajua alikuwa na uwezo, na alimjengea Elisha chumba kidogo juu, akamwekea kitanda, meza, kiti na taa. Hakuomba mtoto. Aliahidiwa, na hata alipoahidiwa alimwambia mtumishi wa Mungu asimdanganye. Mtoto akazaliwa, akakua, akaenda kwa babake shambani wakati wa mavuno, akalalamika kichwa. Babake akaagiza apelekwe kwa mamake. Mara ngapi tumeona hilo majumbani mwetu! Mtoto akakaa magotini pa mama mpaka adhuhuri, akafa.

Tazameni anachofanya. Hapigi yowe. Anampandisha mtoto kwenye chumba cha Elisha, anamlaza kitandani, anafunga mlango. Anaomba punda. Mumewe anashangaa, mbona leo, wala si mwezi mpya wala si sabato? Anamjibu kwa ufupi kwamba hakuna neno. Anasafiri mpaka mlima Karmeli. Elisha anamwona kwa mbali, anamtuma Gehazi akamuulize hali yake, ya mume, ya mtoto. Na yeye anajibu kwamba hawajambo.

Wahubiri wengi husimama hapo. Husema, mnaona imani! Mtoto amekufa na mama anakiri uzima. Nami niliwahi kushangilia mahubiri hayo, nilisimama na leso nikaipeperusha. Lakini someni mstari unaofuata. Akifika kwa Elisha mwenyewe anaanguka, anamshika miguu. Gehazi anataka kumwondoa, kama vile wasaidizi wanavyofanya hadi leo. Elisha anamzuia, anasema mwache, nafsi yake ina uchungu, na Bwana hakunijulisha. Ndipo mama anafungua kinywa, na anachosema si ushuhuda, ni lawama. Je, mimi nilikuomba mwana? Si nilikwambia usinidanganye?

Sisi watu wa pwani tulipaswa kulielewa fungu hili kuliko wote. Lugha yetu imejaa neno hili. Ukitoka nje asubuhi, “Salama?” “Salama.” “Za nyumbani?” “Njema.” Hata kama ndani kuna mgonjwa hajalala usiku kucha, kwanza njema. Si uongo, ni adabu. Halafu, kama aliyekuuliza ni mtu wako, kama ameketi na hana haraka, ndipo unasema, “Njema, ila…” Hiyo “ila” ndiyo habari yenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa ni kufungua mlango tu. Siku iliyofuata mazishi ya mwanangu alipita mtu njiani akaniuliza, “Salama?” nami nikajibu, “Salama.” Kinywa kilijibu chenyewe. Akaenda zake. Hakukosea yeye, wala sikukosea mimi. Alikuwa Gehazi tu, wa njiani.

Mama wa Shunemu alimpa Gehazi salamu, na ile “ila” akaihifadhi mpaka miguuni pa aliyestahili kuibeba. Mimi nilifundishwa kwamba imani ni kutokuwa na “ila” kabisa. Ndiyo maana salama niliyotamka ufuoni ilinikaba kooni. Ilikuwa salamu ya njiani, na nililazimishwa kumpa Mungu salamu ya njiani.

Na kuna jambo jingine lazima niliseme, maana mama mmoja aliniuliza Jumatano na nikashindwa kumjibu. Mtoto wa Shunemu alipiga chafya mara saba akafungua macho. Mwanangu hakupiga chafya. Sina jibu la hilo, dada yangu. Nimemshika miguu Bwana na bado nimemshika, na sijaambiwa.

Sasa nirudi kwenye wimbo. Nilipoanza kuuimba tena, nilitaka kujua ulitoka wapi. Vijana wangu wakanisomea, na mengine nikayasikia kwa mchungaji. Nitawapa yale yenye uhakika.

Aliyeutunga ni Horatio Spafford, wakili wa mji wa Chicago huko Marekani, mzee wa kanisa la Presbyterian. Mwezi wa kumi mwaka 1871 moto mkubwa uliunguza mji huo, na mali yake nyingi ikapotea. Miaka miwili baadaye familia ilipanga kwenda Ulaya. Siku ya safari kazi ikamzuia, akamtanguliza mkewe Anna na binti zao wanne, Annie, Maggie, Bessie na Tanetta, kwa meli iitwayo Ville du Havre. Tarehe 22 Novemba 1873, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli hiyo iligongana na meli nyingine, Loch Earn. Ilizama kwa muda mfupi mno, kama dakika kumi na mbili. Watu 226 walikufa. Mabinti wote wanne walikuwa miongoni mwao. Anna aliokotwa akielea juu ya kipande cha mbao, amezimia. Alipofika Cardiff, Wales, akampelekea mumewe simu ya maandishi kwamba ameokoka peke yake.

Niliposikia hayo nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimeuimba tangu utotoni nikidhani umetungwa na mtu aliyekaa barazani akiangalia machweo. Kumbe ni mzazi wa watoto waliochukuliwa na bahari! Na tena, kumbukeni, yeye hakuwemo. Alibaki nyuma kwa ajili ya kazi. Ninajua mzigo huo. Mimi ndiye niliyesema karo itafutwe.

Spafford alipanda meli kumfuata mkewe, na husimuliwa kwamba nahodha alimwita kumwonyesha mahali meli ilipozama. Wengi husema aliandika utenzi usiku ule ule. Inawezekana. Lakini wimbo wenyewe ulichapishwa mwaka 1876, miaka mitatu baada ya ajali. Mimi hiyo miaka mitatu inanifariji kuliko usiku ule mmoja. Tunapenda kusimulia kana kwamba mtu alilia jioni, asubuhi akatoa wimbo. Mwenye kufiwa anajua si hivyo. Aliyetia sauti ni Philip Bliss, naye akauita sauti hiyo kwa jina la ile meli iliyozama, Ville du Havre. Fikirini, ni kama mtu aite wimbo kwa jina la mashua iliyomchukua mwanawe. Bliss na mkewe nao walikufa mwaka huo huo wa 1876, tarehe 29 Desemba, daraja lilipovunjika chini ya treni kule Ashtabula, Ohio.

Nami nisiwafiche mwisho wa akina Spafford. Baadaye walizaliwa watoto wengine, na mwaka 1880 mtoto wao wa kiume naye akafa akiwa mdogo. Wakatengana na kanisa lao, na mwaka 1881 wakahamia Yerusalemu na kikundi chao kidogo. Huko walihudumia maskini bila kuuliza dini, hilo watu wengi wanawasifu, ila mafundisho ya kundi lao yalizua ubishi mkubwa. Yeye alifariki huko mwaka 1888, kwa malaria. Malaria, wapendwa, kama babu zetu. Kwa hiyo mtunzi hakuwa malaika, wala maisha hayakumnyookea baada ya wimbo. Nawaambia haya kwa sababu kuna wanaodhani ukifika mahali pa kuimba hivyo basi majaribu yamehitimu.

Kijana mmoja wa hapa kanisani aliwahi kuniambia kwamba tenzi ni nyimbo za Wazungu, hazijui shida za Mswahili wala za Mmijikenda. Nikamwambia nenda Rabai, si mbali, iko katika kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Pale ndipo Johann Ludwig Krapf alipoweka makao mwaka 1846. Lakini alikuwa ametua Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa saba mwaka huo mkewe Rosina akafa kwa homa, na kichanga chao cha kike kikafuata baada ya siku chache. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani na homa hiyo hiyo. Walioleta vitabu huku walizika huku. Na aliyeutafsiri utenzi wetu katika Kiswahili, yeyote aliyekuwa, alikuwa na sikio. Kwa ile amani ya mwanzo wa wimbo alichagua neno “shwari”. Hilo si neno la vitabuni. Hilo ni neno la wavuvi. Mwanangu alikuwa akirudi nyumbani namuuliza bahari ilikuwaje, anasema, “Shwari, Mama.” Sasa mnaelewa kwa nini sikuweza kuvuka hata ubeti wa kwanza.

Someni sasa Kumbukumbu 31. Musa anakaribia kufa. Mungu anamwagiza aandike wimbo, awafundishe wana wa Israeli, auweke vinywani mwao. Sababu yake ni ya ajabu. Si kwa ajili ya kuchangamsha ibada. Ni kwamba watakapofikiwa na mabaya mengi, wimbo huo utasimama kuwa shahidi, kwa maana hautasahauliwa vinywani mwa uzao wao. Torati nayo iliandikwa, ikaagizwa iwekwe kando ya sanduku. Lakini sanduku hubebwa na Walawi. Wimbo unabebwa na mama anayekuna nazi.

Na hapa kwetu tuna mfano tunaouimba kila siku ya kitaifa bila kuufikiria. Sauti ya wimbo wa taifa, “Ee Mungu Nguvu Yetu”, imetoka kwa Wapokomo wa mto Tana, majirani zetu wa kaskazini. Ulikuwa wimbo wa mama wa kubembeleza mtoto alale. Mwaka 1963 kamati ya watu watano ilipotafuta wimbo wa nchi mpya, waliichukua sauti hiyo. Mmoja wa hao watano alikuwa mchungaji wa pwani yetu, Thomas Kalume. Watoto wa Turkana, wa Kisumu, wa Nyeri wanausimamia wima mbele ya bendera, na hawajui kwamba wanaimbiwa walale. Mama Mpokomo anajua. Anasikia wimbo mmoja na wote, lakini ndani yake anasikia wa kwake.

Ndivyo ilivyo kwa kila wimbo unaopendwa. Kanisa zima linaimba maneno yale yale, lakini kila kiti kina wimbo wake. Yule anaukumbuka ubatizo wake kwenye maji ya bahari asubuhi na mapema. Yule anakumbuka babake alivyoacha mnazi. Mwingine umemkumbusha mume aliyemwacha. Ndiyo maana huwaomba viongozi wa kusifu na kuabudu wasitukaripie tukinyamaza. “Mbona wengine hawaimbi? Wana mapepo?” Jamani. Huenda huyo asiyeimba ndiye anayeusikia zaidi.

Nieleze nilivyorudi. Mwaka 2023 mji wetu ulitajwa duniani kote kwa habari za msitu wa Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Sihitaji kuwasimulia, mlikuwepo. Mnakumbuka ukipanda tuktuk na Biblia mkononi watu wananyamaza. Mimi niliacha hata kuvumisha pambio sokoni, nikaona aibu.

Jirani yangu, si wa kanisa letu, alikuwa na dada aliyekwenda kule na watoto watatu. Akaniomba nimsindikize hospitali ya hapa mjini kutoa sampuli ya DNA, kwa sababu familia zilikuwa zinaitwa ili miili itambuliwe. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Watu wengi, kutoka kila pembe ya Kenya, na kimya ambacho sijawahi kukisikia mahali penye watu wengi hivyo. Nilijaribu kumwombea kwa sauti ya chini. Akanishika mkono akasema, “Usiniombee, dada. Waliomba sana kule.” Nikanyamaza. Baada ya muda akasema dada yake alivutwa na nyimbo. Alikuwa akirudi nyumbani anaziimba siku nzima, tamu, mpaka watoto wakazijua, halafu siku moja wakaondoka wote.

Hilo nalo lazima tulishike, wapendwa, na nisingelijua kama si yeye. Wimbo hupita mahali hoja haipiti. Ukishaupenda hauulizi tena unasema nini. Kwa hiyo tusiuabudu wimbo. Tuuzae na Neno, tupime, hata ule uliotutoa machozi. Hasa ule uliotutoa machozi.

Tukakaa. Jua likafika kwenye benchi. Kisha yule jirani akaniambia neno ambalo sikulitegemea. “Imba ule wa mwanao.” Nikamwambia siuimbi. Akasema, “Najua huuimbi. Tunaishi ukuta mmoja, miaka saba sijausikia. Ndiyo maana nataka huo. Hizo zingine zote zinaimbwa na watu wenye furaha.”

Niliimba ubeti mmoja. Sauti ilikuwa mbaya, imekauka, na ya chini kama mtu anayejisemea. Nilipofika kabla ya kiitikio nikasimama. Sikusimama kwa kusahau. Nilikuwa namngoja mpiga kinanda. Na katika kile kimya, mzee mmoja wa benchi la mbele, hata hakugeuka, akakiingia kiitikio. Halafu mama mwingine kwa Kigiriama. Hawakufika kumi. Hakuna aliyepiga makofi wala kusema haleluya. Kiliisha, tukanyamaza, jina la jirani yangu likaitwa.

Nimesoma Matendo 16 mara nyingi nikitazama tetemeko na milango kufunguka. Siku ile nikaona kile kijisehemu cha katikati, kwamba Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, miguu ikiwa kwenye mkatale na migongo imechanika, na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Luka hakusema wafungwa walifurahi, wala waliokoka. Walisikiliza. Na tetemeko lilikuwa bado halijaja. Kule hospitali halikuja. Jirani yangu hadi leo hajapewa jibu la dada yake na wale watoto. Tunaishi bado ukuta mmoja, na akiniuliza asubuhi, “Salama?” namwambia, “Salama, ila njoo tukae.” Naye hunijibu hivyo hivyo.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, naomba tusijadiliane sana. Kila mmoja ataje wimbo mmoja na aliyemfundisha. Basi. Kama kuna wimbo unaoukimbia, si lazima useme kwa nini, taja tu kwamba upo. Na wenyeji wa nyumba, tafadhalini, mtu akilia msimkimbilie na mafuta. Mwacheni kwanza, kama Elisha alivyomwambia Gehazi.

Imebaki habari ya Jumapili iliyopita, kwa ambao hamkuielewa. Yule kijana wetu mpya wa kinanda, mnajua anavyopiga, amesomea, hakosei. Ametuletea heshima. Siku ya Jumamosi wakati wa mazoezi nilimpelekea mahamri, nikamwomba kitu. Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa, akasema lakini Mama, hapo hesabu haipo hivyo, kwaya itajikwaa. Nikamwambia najua. Kwa hiyo mliposikia kinanda kimechelewa kabla ya kiitikio, mkajikwaa, na kiongozi wa kwaya akageuka kumtazama kijana wa watu kwa macho makali, msimlaumu. Mimi ndiye niliyemwomba.